Allidina Visram: Mfanyabiashara aliyekua kwa kuwakuza wenzake

Mwezi Juni mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yakiwa yamekwisha kuingia Kigali na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto katika Afrika Mashariki, alifariki dunia mfanyabiashara Allidina Visram. Homa iliyomuua aliipata katika safari ya biashara nchini Kongo. Aliacha maduka zaidi ya 100 yaliyoenea katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na mashamba, viwanda na vyombo vya kusafirishia mizigo katika Ziwa Victoria. Wazungu na Wahindi wa zama zake walizoea kumwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Mtu huyo alikuja Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo asiye na mali. Alijenga biashara yake wakati ambapo sehemu kubwa ya bara haikuwa na benki, barabara za magari wala simu. Hakuwa na njia ya kukaa katika kila duka lake, na safari ya kutoka duka la kwanza hadi la mwisho ilichukua majuma mengi. Ilimlazimu basi kufanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi huliogopa hadi leo: kuikabidhi mali yake mikononi mwa watu wengine, akitumaini kwamba faida yao ingekuwa faida yake pia.

Makala haya yanaeleza jinsi alivyofanya hivyo, jinsi ubia huo ulivyomtajirisha pamoja na wenzake, na mahali ulipokuwa na kasoro.

Bagamoyo, chuo cha biashara

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kavu, yenye mvua haba, na watu wake kwa karne nyingi walizoea kuvuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi hadi Unguja na pwani ya Afrika. Naye alifuata njia hiyo hiyo. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, jamii ambayo tayari ilikuwa na wafanyabiashara wake Unguja na katika miji ya mrima.

Alifikia Bagamoyo, mji unaotazamana na Unguja, na ambao wakati huo ulikuwa mlango wa misafara mingi mikubwa iliyokwenda Tabora, Ujiji na nchi za maziwa. Huko alifanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyesifika kwa kuandaa misafara. Wamisionari, wapelelezi wa Kizungu, wafanyabiashara na baadaye serikali ya Wajerumani walikwenda kwake kutafuta wapagazi na bidhaa za safari. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na jina lake hadi leo limebaki katika wodi mojawapo ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, kwa kuwa fedha zake ndizo zilizosaidia kujenga hospitali iliyokuwa chanzo cha Muhimbili.

Kijana mwenye macho makini angeweza kujifunza mengi Bagamoyo. Msafara ulikuwa ubia wa watu wengi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusafiri peke yake. Tajiri wa pwani alitoa nguo za amerikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kiongozi wa msafara alijua njia, lugha na tabia za wenyeji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja kwa miezi kadhaa. Watawala wa bara walipokea hongo, yaani ushuru wa kupita, nao kwa upande wao waliwapa wasafiri ruhusa ya njia, maji na soko la chakula. Mmoja wao akikosekana, mali ilikwama njiani.

Si vyema kuipamba biashara hiyo. Pembe za ndovu zilizofika pwani mara nyingi zilikuwa na historia ya damu, na kwa miaka mingi njia hizo hizo zilipitisha watumwa. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Lakini hata ndani ya mfumo huo mgumu, funzo moja lilikuwa wazi kwa aliyetaka kulipokea: mali inayokwenda mbali haiwezi kulindwa na mwenyewe peke yake. Inahitaji watu ambao nao watapata hasara ikipotea.

Reli inapokuja

Baada ya kifo cha Sewa Haji, Visram aliendeleza biashara ya misafara na kupanua matawi yake katika eneo lililokuwa chini ya Wajerumani. Lakini wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa likitokea kaskazini. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Reli hiyo ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walipoteza maisha.

Kwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, reli ilikuwa habari mbaya. Mzigo uliobebwa kichwani kwa miezi mitatu sasa ungesafirishwa kwa siku chache. Mpagazi hangeweza kushindana na garimoshi, na mji uliokuwa mlango wa bara ungegeuka kuwa mji wa kando. Wapo waliongoja wakitumaini kwamba mambo yangerejea kama zamani. Visram alihama na biashara.

Kadiri reli ilivyosonga mbele, naye alifungua maduka kando yake. Maelfu ya vibarua wa Kihindi waliokaa porini walihitaji unga, mchele, dengu, samli na viungo walivyovizoea kwao. Yeye alijua wapi pa kuvipata na jinsi ya kuvifikisha. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu wa kuwauzia watumishi wake mahitaji katika vituo vilivyokuwa mbali na miji. Naye alipatikana. Kufikia mwisho wa karne ya 19 alikuwa tayari na duka Kampala, kabla reli yenyewe haijafika ziwani.

Mali kauli

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari yetu. Visram alikuwa na bidhaa, lakini hakuwa na watu wa kutosha wa damu yake kuweka katika kila duka. Upande wa pili, kila meli iliyotoka India ilileta vijana wenye akili, nguvu na njaa ya kazi, lakini wasio na mtaji. Wengine waliijua hesabu vizuri kuliko matajiri. Kilichokosekana ni daraja la kuunganisha pande hizo mbili.

Daraja hilo Waswahili wanalijua kwa jina la mali kauli: mtu anapewa bidhaa kwa neno lake, aende akauze, kisha alipe. Visram hakulibuni jambo hilo. Lilikuwa desturi ya pwani na ya bahari ya Hindi nzima tangu zamani. Alichofanya ni kulipanua hadi likafunika nchi nzima.

Kijana alipopewa shehena ya nguo, chumvi, sukari, sabuni na majembe, alitumwa katika kijiji ambacho hakikuwa na duka. Alijenga kibanda cha mabati, akalala nyuma ya duka hilo hilo, akajifunza lugha ya wenyeji. Wenyeji wengi hawakuwa na rupia mfukoni, kwa hiyo alipokea pia ngozi, nta, ufuta, karanga, pilipili, samli na pembe. Mazao hayo aliyapeleka kwenye bohari la Visram, yakahesabiwa kuwa malipo ya bidhaa alizochukua. Ziada ilibaki yake.

Faida ya mpango huo ilikuwa ya pande zote mbili, na inafaa kuichambua hatua kwa hatua. Mwenye duka alipata mtaji ambao benki isingempa, kwa sababu benki haikuwapo karibu. Benki ya National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, lakini Entebbe haikufika hadi mwaka 1906. Alipata pia mnunuzi wa uhakika wa mazao aliyokusanya, jambo ambalo kwa mchuuzi wa kijijini ni kubwa kuliko mtaji wenyewe. Visram kwa upande wake alipata soko katika mahali ambapo asingeweza kufika mwenyewe. Alipata habari: wapi mavuno yamekuwa mema, wapi ng'ombe wanakufa, bei gani inalipwa na washindani. Na mikokoteni na vyombo vya ziwani vilivyopeleka nguo havikurudi vitupu. Vilirudi na mazao. Mfanyabiashara yeyote wa malori wa leo anajua thamani ya gari lisilorudi tupu.

Ubia huo ulikuwa na hatari zake. Duka liliweza kuungua. Mkopaji aliweza kufa kwa malaria au kutoroka. Mkataba wa maandishi haukuwa na nguvu mahali ambapo mahakama ya karibu ilikuwa umbali wa siku kumi kwa miguu. Kinga iliyokuwapo ilikuwa jina la mtu. Wengi walijuana kupitia familia, kijiji cha asili au jumuiya ya ibada, na aliyekula mali ya mwenzake alikuta sifa yake imemtangulia kila alikokwenda. Visram naye alikuwa na jina la kulinda. Tajiri aliyewanyonya wakala wake, au aliyewaletea bidhaa mbovu, angejikuta hana mtu wa kumuuzia.

Imani hiyo ilifika hata serikalini. Kabla benki hazijaenea, maofisa wa vituo vya mbali walitegemea maduka yake kwa kutuma na kupokea fedha. Karatasi yenye jina lake iliweza kugeuzwa kuwa rupia katika mji mwingine. Kwa maneno mengine, wabia wake wadogo walikuwa wamemjengea kitu kilichofanana na benki.

Wakala wanapojitenga

Kila mwenye biashara anayefikiria kumshirikisha mwenzake hujiuliza swali hili: je, akishajua kazi, hatanigeuka? Swali hilo Visram alilipata kwa vitendo. Wengi wa vijana aliowapa bidhaa walikusanya akiba, wakajitenga, wakafungua maduka kwa majina yao wenyewe. Wengine walifungua mtaa ule ule.

Tajiri mwingine angeweza kuwakatia bidhaa na kujaribu kuwaangusha. Visram aliendelea kuwauzia kwa jumla. Hesabu yake, tukiitazama leo, haikuwa ya huruma tupu. Wakala akiwa mwajiriwa alimgharimu mshahara, kibanda na hasara ya kila kosa. Akishajitegemea, gharama hizo alizibeba mwenyewe, lakini bado alihitaji nguo, sukari na chumvi kutoka mahali fulani, na bado alihitaji mnunuzi wa ufuta wake. Biashara haigombi, wasema Waswahili. Aliyeondoka kwa heshima alirudi akiwa mteja.

Ndiyo maana miji mingi midogo ya Uganda na ya magharibi mwa Kenya ilipata maduka yake ya kwanza kutoka katika mnyororo huu. Duka moja lilizaa jingine. Naye Visram, badala ya kung'ang'ania rejareja, alipata nafasi ya kusogea kwenye kazi nyingine zilizohitaji mtaji mkubwa zaidi: mashamba ya mpira na miwa, viwanda vya kukamua mafuta na kutengeneza sabuni, misumeno ya kupasulia mbao, na hatimaye mitambo ya kuchambua pamba. Zao la pamba lilikuwa limeingizwa Uganda mwaka 1903 na likaenea haraka mno mikononi mwa wakulima wadogo. Mtandao uliokuwa ukikusanya ngozi na karanga ulikuwa tayari kukusanya pamba.

Utajiri huo aliutumia pia nje ya biashara. Alichangia shule, hospitali na nyumba za ibada, zikiwamo za watu wa imani nyingine. Yeye Mwislamu wa Ismailia alitoa mchango kwa kanisa kuu la Waanglikana la Namirembe, Kampala. Mtu anayeishi kwa kuaminiwa na watu wa kila aina hujua kwamba ujirani mwema nao ni sehemu ya mtaji.

Walioachwa nje ya ubia

Hata hivyo, duara la ubia huo lilikuwa na mpaka. Waliopewa mali kauli walikuwa karibu wote ni Wahindi wenzake. Mwafrika alikuwa mpagazi, kibarua, mkulima aliyeuza pamba, au mteja aliyenunua amerikani. Mara chache mno alikuwa mwenye duka. Sera za kikoloni zilichangia pakubwa kuuweka mpaka huo, na lawama yake haiwezi kubebeshwa mtu mmoja. Lakini mfumo ulioaminiana kwa ukoo na jumuiya ulikuwa na udhaifu wa kimaumbile: haukujua namna ya kumwamini mtu wa nje.

Madhara yake yalionekana baada ya Visram kuondoka duniani. Mkulima wa Uganda aliyelima pamba kwa mikono yake aliona mitambo ya kuichambua ikiwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei ikipangwa na wengine. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa chanzo cha ghasia zilizotokea Buganda mwaka 1949. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, alitumia kinyongo hicho kuhalalisha dhuluma kubwa, na waliofukuzwa walipoteza maduka, nyumba na viwanda vilivyojengwa kwa vizazi vitatu. Hakuna haki katika kitendo hicho. Lakini historia hiyo inamkumbusha mfanyabiashara kwamba wale anaowategemea kwa mazao na kwa soko nao ni wabia wake, hata kama hajawaandika katika daftari, na siku moja watauliza fungu lao.

Nguzo moja, nyumba kubwa

Kasoro ya pili ilikuwa ndani ya kampuni yenyewe. Ubia wote ule ulikutana kwa mtu mmoja. Wakala wa Jinja alimwamini Visram, na wakala wa Kisumu vilevile, lakini wao kwa wao hawakuwa na mkataba wala chombo cha kuwaunganisha. Nyumba ilikuwa kubwa, nayo ilisimama juu ya nguzo moja.

Vita vilivyoanza mwaka 1914 vilifunga mpaka kati ya eneo la Wajerumani na la Waingereza, pande mbili alizokuwa akizifanyia biashara. Miaka miwili baadaye mwenyewe akafariki. Mwanawe Abdulrasul alishika biashara katika kipindi kigumu: bei za mazao zilianguka duniani baada ya vita, na Afrika Mashariki ikabadilisha fedha yake kutoka rupia hadi shilingi, jambo lililovuruga hesabu za madeni ya kila mfanyabiashara. Abdulrasul naye alifariki katika miaka hiyo hiyo ya 1920, na kampuni iliyokuwa na jina kubwa kuliko zote katika bara ikasambaratika.

Jambo la kuzingatia ni hili: kampuni ilianguka, lakini wengi wa waliokuzwa nayo hawakuanguka. Vijana waliopewa shehena ya kwanza kwa neno lao walikuwa tayari na maduka yao na wateja wao. Biashara ya Visram ilikuwa imekwisha kuhama kutoka katika daftari lake na kuingia katika madaftari ya wengine. Mjini Mombasa ilibaki shule ya sekondari inayoitwa Allidina Visram, iliyofunguliwa mwaka 1923 kwa kumbukumbu yake, na ambayo inaendelea kufundisha hadi leo.

Kwa wafanyabiashara wa leo

Wapo miongoni mwa wasikilizaji wetu wanaoleta nguo, viatu na vipuri kutoka Dar es Salaam na Kampala, na ambao kila juma hutoa au kupokea mali kauli. Kwao habari hii si ngeni. Wanajua raha ya kuwa na mwenza mwaminifu upande wa pili wa mpaka, na uchungu wa kupigiwa simu isiyopokewa.

Maisha ya Visram yanawapa mambo ya kupima. Ubia unaodumu ni ule ambao kila upande unaleta kitu ambacho mwingine hana: huyu bidhaa, yule soko, huyu jina, yule miguu. Mwenza akikua na kujitegemea, si lazima uhusiano ufe. Unaweza kubadilika kutoka wa mwajiri na wakala kuwa wa muuzaji na mnunuzi. Na ubia uliosimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja unahitaji kuandikwa na kupewa viongozi wengine mapema, mwenyewe angali hai na ana nguvu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lisilo na mrithi halina tofauti kubwa.

Visram alipokwenda Kongo katika safari yake ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 65 hivi, tajiri ambaye angeweza kumtuma mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe. Pengine ndivyo alivyozoea tangu Bagamoyo, kuonana na watu wake uso kwa uso. Waliobaki walilazimika kujifunza namna ya kuaminiana bila yeye, na waliofaulu ndio walioendelea.